Mfongo Usiokuwamo Ramanini

Ramani ilibandikwa juu ya ubao wa darasa la nne, darasa nililofundisha miaka 22 kabla ya kustaafu. Watu walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mkutano Mkuu wa Kijiji siku hiyo ulikuwa na ajenda mbili ambazo kila mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, alikuwa amezisikia wiki nzima kilabuni, kanisani na sokoni. Ya kwanza ilikuwa bomba kubwa la maji kupandishwa hadi vitongoji vya juu, kila nyumba ifungiwe mita yake, pamoja na nguzo za umeme kwa kaya zilizobaki. Ya pili ilikuwa eneo lote la kandokando ya barabara litangazwe kuwa la mipango miji, lipimwe viwanja, kila kiwanja kiwe na bikoni, namba na hati.

Ofisa aliyekuja na ramani alieleza kwa utaratibu na kwa heshima. Mistari myeusi ni barabara, myekundu ni umeme, ya kijani ni bomba. Vile visanduku vidogo vyenye namba ni viwanja vya ujazo mkubwa. Mimi nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena, nikasogea ubaoni. Nilikuwa natafuta mfongo, mfereji wetu wa asili. Unapita nyuma ya shule hii, na wanafunzi wangu wamenawa miguu humo tangu shule ijengwe. Pale unapopita, ramani ilionyesha kiwanja namba 41, kiwanja namba 42, kiwanja namba 43.

Nimezaliwa hapa Kirua Vunjo mwaka 1957, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro, jirani na Kilema. Ninaandika haya kwa sababu vijana wengi waliokuwa kwenye mkutano ule walidhani kwamba maji ya kugawana na nyumba za kusongamana ni mambo mapya yanayotujia kutoka mjini. Mlima huu umekuwa na watu wengi tangu zamani. Johannes Rebmann alipoona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, alikuwa njiani kuja Kilema kwa mtawala wake, Mangi Masaki, na alikuta migomba na watu. Wageni wa karne ile walioandika habari za Uchagani hawakukosa kutaja mifereji. Ndiyo mifongo yenyewe. Kama huduma ya umma maana yake ni kitu ambacho watu wamekijenga pamoja, wakakitunza pamoja na kukigawana kwa kanuni, basi sisi tulikuwa nayo kabla hakujawa na ofisi hata moja mlimani.

Mito yetu imejichimbia makorongoni. Ukisimama kwenye kihamba chako unausikia mto, huuoni, na huwezi kuyafikia maji yake ila kwa kushuka na kupanda. Kwa hiyo wazee walipanda mbali juu, kwenye mwitu, hadi mahali ambapo mto bado hauna kina kirefu. Hapo waliweka banio la mawe, magogo na udongo, wakayatoa maji pembeni na kuyaongoza taratibu, yakishuka kidogo kuliko mlima unavyoshuka, mpaka mfereji ukatokea mgongoni mwa kilima, juu ya vihamba vyote. Hawakuwa na chombo cha kupimia isipokuwa jicho na maji yenyewe. Walipokuta bonde la kuvuka, walichonga gogo likawa mfereji wa kuning'inia. Kazi hiyo ilichukua miaka. Ukoo uliouchimba ulibaki na jina lake kwenye mfongo na zamu ya kwanza, lakini haukuweza kumnyima jirani maji ya kunywa.

Baba yangu hakuwa mzee wa mfongo. Alikuwa mtu wa kumsaidia mzee wa mfongo, na kazi hiyo aliipenda kuliko ng'ombe wake. Usiku maji yaliingia kwenye bwawa dogo tunaloliita nduwa, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Alfajiri ilikuwa ya nyumba, yaani kuchota, wala hakuna aliyeruhusiwa kumwagilia kabla akina mama hawajamaliza. Baadaye ilikuja zamu ya migomba na kahawa, na mchana maji yalishuka kwa wa chini. Siku ya kusafisha mfongo baragumu lililia, kila mwanamume akatoka na jembe. Asiyetoka bila sababu alilipa mbege, akirudia alilipa mbuzi. Nakumbuka mzee mmoja mwenye mali, aliyeogopwa na wengi, akileta debe la mbege mgongoni mwa kijana wake mbele ya watu wote, naye akisimama kimya mpaka lilipoonjwa.

Ila mimi na mama yangu hatukulifikia banio siku zile. Ilikuwa mwiko. Mwanamke hakupanda kule, wala hakusikilizwa kwenye kikao cha maji, ingawa maji yale aliyabeba yeye. Mama alichota alfajiri na jioni, akalisha ng'ombe waliofungwa ndani, akashuka shamba la chini kulima mahindi na maharage, akapanda na mzigo wa majani kichwani. Masika mfongo ulijaa tope na kila kilichotoka kwenye mazizi ya juu. Mdogo wangu alikufa kwa kuhara masika ya 1966, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Sitaki mtu aliyesoma vitabu vizuri vya mifereji yetu anieleze uzuri wake bila kumkumbuka mtoto yule.

Kihamba nacho kilikuwa na mipango yake. Juu ni mwitu. Chini yake ukanda wa migomba, nyumba ndani ya migomba, kahawa chini ya migomba, na mti wa mringaringa juu ya vyote. Bondeni, kwenye joto, mashamba ya nafaka, ambako zamani hakuna aliyejenga. Mpaka wa kihamba na kihamba ulikuwa mmea wa masale. Nimeona masale ya mpaka wetu yakiheshimiwa na watu waliokuwa hawasalimiani, kwa sababu jani hilohilo ndilo unalolipeleka kwa uliyemkosea ukitaka akusamehe, na akilipokea hana budi kusamehe. Ardhi iliyokuwa wazi aliigawa mangi kupitia mchili wake, kiongozi wa mtaa. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa sehemu yake, kitinda mimba akabaki na nyumba ya baba, wa katikati wakatafuta. Mabinti hatukuhesabiwa.

Kahawa ndiyo iliyofanya kihamba kisihamishike. Wamisionari wa Kikatoliki waliofika Kilema mwaka 1890 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda hapa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wenyeji wakaifanya yao. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha wapandaji, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mbuni haung'olewi kila msimu kama mtama. Aliyepanda mibuni 500 hakuhama tena, na wanawe waligawana kihamba kilekile. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 650,000 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Ya 2022 ilihesabu 1,861,934. Mlima haukuongezeka hata hatua moja. Kinyume chake, mwaka 2005 msitu wa hifadhi wa juu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, na mpaka wa kwenda kukata majani ukatukaribia zaidi. Operesheni Vijiji ilipohamisha watu nchi nzima miaka ya 1970, kwetu haikuhitaji kumhamisha mtu: tayari tulikuwa tumesongamana. Serikali ilichora mistari tu, ikaziita zile sehemu vijiji.

Baba alikuwa na ekari mbili. Aligawa kwa wanawe wanne, nusu ekari kila mmoja, na kaka zangu nao wamezaa. Nusu ekari ni meta za mraba kama 2,000. Kwa vipimo vya mipango miji, kiwanja cha ujazo mkubwa huwa cha meta za mraba mia kadhaa tu. Kwa hiyo kijana mmoja aliyesimama mkutanoni akasema kwamba viwanja vimeshaingia zamani, kinachokosekana ni bikoni tu, alisema kweli tupu. Nilimfundisha mimi kuzidisha na kugawanya.

Bomba la kwanza nililoliona lilikuja na ahadi kubwa. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya meta 400, tena bure. Kilula chetu kilijengwa njia panda, hatua 300 kutoka nyumbani. Mama alikwenda siku ya kwanza na ndoo mbili, akarudi, akakaa chini, akaangalia maji yale yalivyo meupe ndani ya ndoo. Sikumwona akifanya hivyo tena maisha yake yote.

Baba hakwenda. Wazee wa mfongo walikipinga kilula kwa muda mrefu, na wengine wakadhani ni ujinga. Haukuwa ujinga. Sheria ya maji ya mwaka 1974 ilisema maji yote ni mali ya taifa. Mwaka 1991 ofisi ya Bonde la Pangani ikaanza kazi, na mifongo ikatakiwa kuwa na haki ya maji iliyoandikwa na kulipiwa. Kwa nini? Kwa sababu maji ya mlima huu yanashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye mitambo ya megawati 8, yakaendelea hadi Hale, megawati 21, na Pangani, ambako mwaka 1995 kulizinduliwa mitambo ya megawati 68. Maji mabwawani yalipopungua, mifongo ilitajwa kuwa inapoteza maji. Baba yangu, aliyemwagilia kahawa iliyolipa ada za watoto, aliambiwa anapoteza maji. Na umeme uliozalishwa na maji hayo ulipita juu ya nchi yetu kwenye minara mikubwa miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza kusimama kitongojini kwetu. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007. Sisi tuliwasha taa mwaka 2014. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa kwenye kihamba, chini ya mringaringa.

Hofu ya wazee wale ilikuwa hii: mwenye mfongo ana kauli kwa sababu ana jembe siku ya kusafisha. Mwenye bomba ana ankara. Ukikataa kulipa ankara unakatiwa, lakini hata ukilipa vizuri hakuna atakayekuuliza maji yapite wapi. Wakati ule niliona ni wivu wa wanaume waliozoea kuamua. Sehemu yake ilikuwa wivu kweli. Sehemu nyingine nimeielewa mbele ya ramani ile.

Turudi mkutanoni. Kwenye bomba hapakuwa na mabishano marefu. Wapo waliouliza bei ya uniti na kama vilula vitafungwa, maana kuna mabibi ambao hawana uwezo wa mita, na mwenyekiti aliandika kwamba kila kitongoji kibaki na kilula kimoja. Mzee mmoja alikumbusha kuwa maji yetu yameshashuka sana kwa wengine, akataja mradi wa Kirua–Kahe, ambao jina lake lenyewe linaeleza njia yake, na akasema haiwezekani walio kando ya chanzo wawe wa mwisho kufunga koki. Tulinyoosha mikono. Mimi nilinyoosha wa kwanza.

Ajenda ya pili ndiyo iliyotuweka pale hadi jua lilipoanza kulala. Vijana walitaka hati. Benki haikopeshi kwa masale. Walitaka kujenga vyumba vya kupangisha, kwa sababu kahawa haiwezi tena kumlisha mtu kwenye robo ekari. Fundi umeme wa hapa kijijini, kijana makini, akasimama akauliza jambo ambalo ofisa hakulitarajia: tukishatangazwa mji, tutaunganishiwa umeme kwa bei gani? Akataja viwango vilivyotangazwa Januari 2022, shilingi 27,000 kwa kijijini na 320,960 kwa mjini kwa nyumba iliyo jirani na isiyohitaji nguzo. Darasa zima lilinung'unika. Mtu anaweza kulala mwanakijiji akaamka mkazi wa mji bila kuhama kitandani, na mfuko wake ndio utakaomwambia.

Halafu likaja swali la miaka. Kihamba hakina mwisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila, nayo inaweza kuwa ya muda usio na ukomo. Hati ya mjini ina miaka yake, isiyozidi 99, na pango la ardhi kila mwaka. Mama mmoja aliyemzika mumewe mwezi uliotangulia aliuliza kwa sauti ndogo, baada ya miaka 99 yule aliyelala pale atakuwa wa nani. Ofisa alimjibu kwamba hati huhuishwa. Ni jibu sahihi kisheria. Lakini mama yule hakuwa akiuliza sheria, na wote mle ndani tulijua, kwa kuwa kila mmoja wetu ana kaburi chini ya migomba yake na kila Desemba watoto wanatoka Dar es Salaam na Arusha kuja kulifyekea.

Na mimi? Nitasema wazi, kwa sababu jirani zangu wanajua. Baba yangu hakuniachia hata shina moja la mgomba. Mwaka 1994 nilinunua robo ekari kando ya barabara kwa mshahara wa ualimu, na kwa miaka mingi ndugu waliniita mpangaji wa ukoo mwingine. Mwanamke kama mimi anaijua thamani ya karatasi yenye jina lake. Nimekuwa mmoja wa wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, na nimesikiliza binti baada ya binti akieleza jinsi masale yalivyosogezwa usiku na kaka yake. Kwa hao, bikoni ya zege ni ukombozi, na sitasimama mbele ya watu niwaambie wasubiri ili mimi nifurahie mandhari ya migomba.

Lakini barazani hapohapo nimesikiliza kesi za mfongo kuzibwa. Mtu anauziwa kipande, anajenga ukuta, maji yanakosa njia, yanaingia chumbani kwa jirani wa juu, na wa chini migomba yake inakauka. Muuzaji anasema kwenye karatasi hakuna mfereji. Mnunuzi anasema hivyohivyo. Wote wawili wanasema kweli, na kihamba cha mtu kimekufa. Njia ya miguu ya kwenda kisimani na ya kupitisha jeneza nayo hupotea hivyo. Ndiyo sababu nilisimama, nikaenda ubaoni, nikaomba chaki. Nilichora mfongo wetu juu ya ubao, kando ya ramani, kutoka shule hadi kwa mchili wa zamani, na kila aliyeniona nimekosea alinisahihisha kutoka alipokaa. Watu ambao walikuwa wakigombana dakika tano zilizopita walikubaliana mfongo unakata wapi kona. Nikasema: viwanja vipimwe, ila vipimwe baada ya mfongo na njia kuingia ramanini kwanza, vikiwa na upana wake, ili atakayenunua namba 42 ajue ananunua nini. Ofisa aliuliza kama mfongo una maji bado. Ulikuwa na maji. Aliombwa atoke nje akaone, naye akatoka.

Iliamuliwa bomba liendelee na upimaji usubiri miezi mitatu. Kamati ya watu sita ikapewa kazi ya kuutembea mfongo wote na kuweka alama. Wakanichagua. Kijana wa hati, yule wa kuzidisha na kugawanya, akachaguliwa pia.

Tulianza kwenye nduwa, ambayo nusu yake imejaa udongo na magimbi. Kijana alibeba simu ya kurekodi mahali, mimi nilibeba miche ya masale kwenye kikapu. Kila baada ya hatua 50 tulipanda mche upande wa chini na upande wa juu, naye akabonyeza simu. Kwenye sehemu tatu tulikuta mabomba ya plastiki yametobolewa pembeni, maji yakichukuliwa bila zamu. Kwenye sehemu moja choo kimechimbwa hatua nne tu kutoka kwenye maji, na mwenye nyumba aliona haya kabla hatujasema neno. Juu zaidi nyumba zilikoma, mfongo ukawa mwembamba na baridi, mizizi ya miti ikiushika kando zote mbili. Wanaume walitangulia. Mahali fulani mzee mmoja wa kamati alisimama, akanitazama, akasita. Nilielewa. Kuanzia hapo mwanamke hakuruhusiwa kupita. Alisogea pembeni akanishika mkono, maana mteremko ulikuwa umelowa, akasema, "Pita, Mwalimu."

Banio ni dogo. Nilikuwa nimeliwaza kubwa maisha yangu yote. Ni safu ya mawe yasiyozidi kimo cha goti, yamepachikwa kwa mkono, na nyufa zimezibwa kwa magome ya migomba na udongo. Mto unafika pale, sehemu inaendelea korongoni kwenda zake Kahe, na sehemu, upana wa viganja viwili, inageuka kushoto kuja kwetu. Jiwe moja lilikuwa limelegea. Kijana aliweka simu mfukoni, akavua viatu, akaingia.